Retina ya mume wangu ilirudishwa, sasa presha ya jicho imepanda. Tukubali kisu cha pili?

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia kutoka Mtama, mkoani Lindi. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mume wangu ana miaka 43, analima korosho na ufuta.

Mwezi Januari alikuwa anapasua kuni, kipande kikaruka kikampiga jicho la kulia. Halikutoboka. Liliingia damu, likavimba, tukalikanda kwa maji baridi mpaka likapoa, tukashukuru Mungu. Baada ya wiki chache akaanza kusema anaona vimulimuli usiku na vidoa vyeusi vinavyoelea. Halafu kivuli kikaanza kupanda kutoka chini, siku hadi siku, mpaka upande ule akawa haoni kitu. Tulipofika hospitali tukaambiwa retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea picha, imebanduka, tukapewa rufaa ya Dar es Salaam.

Alipasuliwa mwezi Machi. Walitoa ute wa ndani ya jicho, wakatoa na lenzi kwa sababu ilishaharibika, wakajaza mafuta ya silikoni ili retina ishike mahali pake. Walisema mafuta hayo yatatolewa baadaye. Alirudi akiona mwanga tu, lakini baada ya mwezi mmoja alikuwa anahesabu vidole vyangu nikisimama karibu naye. Tulifurahi sana.

Juni tulirudi kliniki, tukaambiwa presha ya jicho imepanda. Kwenye karatasi wameandika kulia 36, kushoto 16. Akapewa matone ya Timolol, asubuhi na jioni, pamoja na vidonge vya Acetazolamide. Daktari akasema isiposhuka atapasuliwa tena na kuwekewa mrija wa kutoa maji kwenye jicho. Turudi Agosti. Foleni ilikuwa ndefu, nasi tuliona aibu kuuliza maswali mengi.

Sasa nyumbani hapakaliki. Mume wangu anasema jicho halimuumi, kwa hiyo asubiri minada ya korosho, malipo yakiingia Novemba au Desemba ndiyo tuende. Hela ya ufuta yote imekwenda kulipa madeni ya safari ya kwanza. Mjomba wake naye amekuja juu, na wewe unajua kwetu Wamwera neno la mjomba lina uzito gani. Anasema: "Aliingia na ugonjwa mmoja, akatoka na wa pili, sasa mnataka akachukue wa tatu?" Anatoa mfano wa mama mkubwa wa mume wangu, ambaye miaka ya nyuma alipasuliwa hiyo hiyo presha ya jicho, baada ya siku chache wakamwambia ndani pamebanduka, na leo jicho lile halioni. Mjomba ameshampata mtu wa kumtilia maji ya majani jichoni.

Nikupe na mengine madogo, labda yatakusaidia. Jicho likiwa jekundu huwa ananunua dukani matone yale ya mwanzo aliyopewa Machi, yameandikwa Prednisolone, yanampoza vizuri, hajaacha kuyatumia. Vidonge vinamfanya vidole viwe na ganzi na anakojoa sana, jirani anasema hiyo ni sukari. Na tangu Juni usiku anakohoa na kifua kinambana. Tunadhani ni vumbi la salfa, maana ndiyo msimu wa kupuliza mikorosho na utotoni alikuwa na pumu.

Daktari, je, upasuaji wa kwanza ndio ulioleta hii presha? Na mrija tuukubali au tuukatae?

Mama wa Wawili, Mtama

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na hayo uliyoyaita madogo, kwa sababu moja kati yake ndilo kubwa kuliko yote uliyoniandikia.

Timolol haifai kwa mtu mwenye pumu. Tone linaloingia jichoni halibaki jichoni. Linapita kwenye kitundu kidogo kilicho kwenye kona ya jicho karibu na pua, linashuka puani, na kutoka hapo linaingia kwenye damu. Likifika kwenye mapafu linabana njia za hewa. Aliyekuwa na pumu utotoni, hata kama miaka ishirini hajawahi kubanwa, anaweza kubanwa tena kwa tone hilo. Inawezekana kweli ni salfa, siko hapo kumsikiliza kifua. Ila kikohozi cha usiku kilichoanza mwezi ule ule dawa ilipoanza hakiachwi kikapita hivi hivi. Asitie tone lingine la Timolol kabla hajaonwa, na aonwe leo, kesho ikichelewa sana. Achukue chupa zote na vidonge vyote aende navyo, na neno la kwanza akifika liwe: "Nina pumu." Kama anabanwa sana usiku huu, msisubiri kukuche.

Nasema aende, sisemi aache dawa akae nyumbani. Ziko dawa nyingine za matone za kushusha presha ya jicho ambazo hazigusi kifua namna hiyo, na atakayemwona atambadilishia. Akipewa yoyote, mfundishe hivi: akishatia tone, afumbe jicho na abonyeze kwa kidole ile kona ya karibu na pua kwa dakika mbili. Dawa inabaki inapotakiwa.

Vidole kufa ganzi na kukojoa sana ni kazi ya Acetazolamide, wala si sukari. Akinywa soda ataona haina ladha yake, naye asishangae. Anywe maji ya kutosha na ale ndizi mbivu. Lakini mwambieni daktari kama ana ugonjwa wa figo, amewahi kupata mawe kwenye figo, ana seli mundu, au amewahi kudhurika na Septrin au dawa za jamii hiyo. (Kupima sukari ni vizuri pia, ni kipimo cha tone moja la damu, na jirani atanyamaza.)

Jambo la tatu ni hayo matone ya dukani. Prednisolone ni steroidi. Baada ya upasuaji wa retina ni dawa nzuri na ya lazima, inatuliza uvimbe wa ndani. Lakini hupewa kwa muda, halafu hupunguzwa kidogo kidogo mpaka inaachwa. Kwa baadhi ya watu, steroidi ikitumika wiki baada ya wiki huziba njia za kutolea maji ya jicho, na presha inapanda polepole bila maumivu yoyote. Huyu ameitumia tangu Machi, miezi minne au zaidi, na daktari wa kliniki pengine hajui, kwa sababu kwenye karatasi yake dawa hiyo ilikwisha zamani. Niseme wazi kwamba kuuza steroidi ya macho kwa mtu asiye na cheti ni tabia mbaya ambayo imezoeleka kwenye maduka yetu ya dawa. Jicho linakuwa jeupe, mteja anafurahi, na neva ya jicho inakufa taratibu huku mwenye jicho akisifia dawa. Asiikate ghafla kwa uamuzi wake, maana jicho lililopasuliwa linaweza kuwaka upya ndani. Aende nayo, aulize aiache vipi. Mara nyingi ikiachwa, presha hushuka ndani ya wiki chache. Basi unaona kwamba kabla hatujaanza kubishana kuhusu mrija, kuna chanzo kimoja ambacho huenda kikaondoka bila kisu.

Sasa swali lenu: je, upasuaji wa kwanza ndio ulioleta presha?

Jicho hutengeneza maji yake lenyewe mchana na usiku, na lina mahali pa kuyatoa. Lifikirie kama pipa ambalo bomba halifungwi kamwe. Usalama wake wote uko kwenye tundu la kutolea. Tundu likiziba, maji hayana pa kwenda na presha inapanda. Kwa kawaida kipimo huwa kati ya 10 na 21. Presha ikikaa juu, inaikandamiza neva inayobeba picha kutoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo, na hiyo ndiyo glaukoma. Haihusiani na presha ya damu ile ya kupimwa mkononi, kwa hiyo msije mkampa vidonge vya bibi.

Kwa mume wako kuna angalau mambo manne yanayoweza kuziba njia hiyo. Steroidi nimeshaitaja. La pili ni ile kuni yenyewe. Jicho likipigwa kwa nguvu, pembe ya ndani ambako maji hutokea inaweza kuchanika, na presha ikapanda miezi au hata miaka baadaye. Yaani angeweza kupata presha hii hata asingeingia chumba cha upasuaji. Daktari anaweza kuiona pembe hiyo kwa kioo maalumu kinachowekwa juu ya jicho, kipimo kisichouma.

La tatu ni mafuta. Mafuta ya silikoni ni mepesi kuliko maji, hivyo yanaelea juu. Jicho likiwa na lenzi yake, lenzi inasaidia kuyazuia yabaki nyuma. Mume wako hana lenzi, na kwa jicho la namna hiyo mpasuaji kwa kawaida hutoboa kitundu upande wa chini wa ile sehemu ya rangi, maji yapite huko wakati mafuta yameelea juu. Kitundu hicho kikizibwa na ute wa uvimbe au damu, mafuta yanasukumwa mbele na presha inaruka kwa haraka. Kukizibua mara nyingi ni kazi ya leza, haihitaji kulazwa. Na kwa kuwa akilala chali mafuta yanaelea kuja mbele, anapaswa kukwepa kulala hivyo kwa muda mrefu. La nne ni mafuta yale yale yakikaa sana: yanakatika kuwa matone madogo mno, yanakwama kwenye njia za kutolea maji, na wakati mwingine daktari anayaona yametanda mbele ya jicho upande wa juu kama povu jeupe. Ndiyo sababu kwa kawaida hupangwa kutolewa baada ya miezi mitatu hadi sita hivi. Yenu yaliwekwa Machi. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo mjomba hajakosea kabisa. Presha kupanda baada ya upasuaji wa retina ni jambo linalojulikana, waganga wa macho wanalitarajia na ndiyo maana wanapima kila mnaporudi. Anapokosea ni kudhani ingekuwa salama kutopasua. Retina iliyobanduka ikiachwa haijirudishi. Jicho lile lilikuwa linakwenda gizani moja kwa moja, na leo linahesabu vidole. Mtu aliyelipatia jicho vidole hivyo hajaliharibu. Ila naungana nanyi kulalamikia jambo moja: mgonjwa anayepewa mafuta jichoni anastahili kuambiwa, kabla hajapanda basi la kurudi Kusini, kwamba presha inaweza kupanda na steroidi si ya kujinunulia. Dakika tano zingetosha.

Na mama mkubwa? Sikumpima, sitasema alikuwa na nini. Lakini mjomba akisema "pamebanduka", kuna mambo mawili yanayofanana masikioni. Upasuaji wa presha ya jicho hufungua njia mpya ya maji, na siku za mwanzo maji huweza kutoka kupita kiasi, presha ikaporomoka ikawa chini mno. Hapo utando wenye mishipa ya damu ulio nyuma ya retina unajaa maji na kuinuka. Huko nako huitwa kubanduka, lakini si retina iliyobanduka, na mara nyingi hutulia kwa matone na muda, presha ikishapanda kidogo. Ikitokea damu imevuja ghafla nyuma ya utando huo, hilo ni zito, na huambatana na maumivu makali. Retina yenyewe kubanduka baada ya upasuaji wa presha hutokea pia, ingawa si mara nyingi. Tena watu wengi huletwa kupasuliwa presha ya jicho wakati neva imeshakufa karibu yote, kwa sababu ugonjwa ule hauumi. Akipoteza kipande kilichobaki, lawama zote zinaangukia kisu. Karatasi zake zikipatikana, zipelekeni kwa daktari. Kama zimepotea, basi hadithi yake isitumike kumwamulia mtu mwingine.

Tuje kwenye mrija.

Upasuaji wa presha ulio wa kawaida hutengeneza kijitundu cha kutolea maji chini ya ngozi nyembamba inayofunika sehemu nyeupe ya jicho. Jicho lililokwisha kupasuliwa retina mara nyingi lina makovu kwenye ngozi hiyo, na kovu hufunga kijitundu kile mapema. Ndiyo sababu daktari amewatajia mrija: unaingia ndani ya jicho na kuyapeleka maji kwenye kibamba kidogo kilichoshonwa nyuma zaidi, ambako kovu haliwezi kukifunga kirahisi. Kwenye jicho lenye mafuta wapasuaji wengi huuweka upande wa chini, kwa kuwa mafuta yanaelea juu na yangeweza kuingia mrijani. Njia nyingine ni leza inayopunguza nguvu ya sehemu inayotengeneza maji. Haihitaji kufungua jicho, ila ikizidi jicho linaweza kukauka na kunywea, na wakati mwingine inarudiwa. Hakuna hata moja kati ya hizi isiyo na hatari. Mrija unaweza kushusha presha kupita kiasi wiki za mwanzo, unaweza kujitokeza nje ya ngozi, unaweza kuingiza wadudu hata baada ya miaka.

Je, muukubali? Ningekuwa mimi ndugu wa huyo kijana, nisingekubali wala kukataa wiki hii. Ile 36 ilipimwa kabla hajaanza dawa mpya. Tangu Juni hakuna aliyepima tena! Mnabishana juu ya namba ya zamani. Nendeni mkapime sasa. Hamhitaji kusafiri mpaka Dar es Salaam kwa hilo. Ulizeni hapo hospitali ya Nyangao mtaalamu wa macho anapatikana siku gani, akikosekana nendeni hospitali ya Sokoine, Lindi mjini. Ndiyo safari ile ile ya kuonyesha kifua na chupa.

Kama presha imeshuka kwa dawa salama na steroidi imeshughulikiwa, mrija unaweza kusubiri, na huenda usihitajike. Kama bado iko thelathini na kitu, basi kila wiki inayopita inakula neva, na neva iliyokufa hairudishwi na mrija, wala mafuta, wala majani. Hapo nitasema kubalini, na kubalini mkijua mnachonunua: mrija hautamwongezea kuona. Unalinda vile vidole anavyohesabu. Wengi hukasirika baada ya upasuaji wa presha kwa sababu walitegemea jicho lifunguke, na hakuna aliyewaambia kwamba halitafunguka.

Kuna swali moja ninaloona ni la muhimu kuliko mrija, nalo mkamwulize mpasuaji wa retina: mafuta yanatoka lini? Retina ikiwa imeshika vizuri, kuyatoa kunaweza kusaidia presha, ingawa kwa wengine presha hubaki juu hata yakitoka. Na mafuta yakitoka, kuna uwezekano retina ikabanduka tena, ndiyo maana baadhi ya macho huachiwa mafuta makusudi. Hapa ndipo mpasuaji wa retina na mpasuaji wa presha wanapovutana: mmoja anataka mafuta yakae yashike retina, mwingine anataka yatoke maji yapite. Hawa wawili wanatakiwa waongee. Ombeni miadi ya siku moja kwa wote, katika hospitali hiyo hiyo kama inawezekana, na mwulize kama kutoa mafuta na kushughulikia presha vinaweza kufanywa kwa safari moja. Kwa mtu anayepanda basi alfajiri na kukata zaidi ya kilomita 400 hilo si swali dogo.

Wakirudia retina na kutumia gesi badala ya mafuta, kuna sharti moja jipya. Gesi hutanuka mtu anapopanda juu. Asipande ndege mpaka daktari aseme gesi imekwisha, na pia asipande uwandani Newala kwa shemeji, kule Shimo la Mungu, kabla hajauliza. Mwinuko kama ule unaweza kupandisha presha ya jicho lenye gesi. Na akihitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji wowote mwingine, hata wa ngiri, awaambie kwamba ana gesi jichoni.

Kuhusu hela. Novemba ni mbali. Mkulima anahesabu kwa minada, naelewa, lakini neva haina stakabadhi ghalani. Hospitali zetu kubwa za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii. Mwambie daktari au muuguzi mapema, kabla ya kuandikiwa gharama, kwamba hamna uwezo, mfike ofisi hiyo na barua ya serikali ya kijiji. Si kila ombi linakubaliwa. Wengi hawaombi kabisa. Kama kwenye chama chenu cha msingi mnaweza kupata mkopo wa korosho zijazo, huu ndio wakati wake, hata kuliko salfa.

Majani, hapana. Sitabishana na mtu wa majani juu ya homa au tumbo, lakini jicho lililofunguliwa, lisilo na lenzi, lenye mafuta ndani, likiingiwa na maji ya mmea ambayo hayakuchemshwa linaweza kuoza kwa siku mbili. Na hilo ndilo ningemwambia mjomba, kwa heshima yake. Wewe ni mke, ukimjibu mbele za watu utaonekana unamvunjia adabu. Mwache mume wako amwombe mjomba awe msindikizaji safari hii. Aingie chumba cha daktari, aone ile namba ikitoka kwenye kipimo, aulize lile swali lake la ugonjwa wa tatu kwa sauti yake mwenyewe. Ni swali zuri. Daktari anayejua kazi yake hatalikasirikia, na mjomba aliyesikia jibu kwa masikio yake atakuwa msaada kwenu hata kwenye michango.

Haya yakitokea msisubiri miadi: jicho kuuma kwa nguvu pamoja na kichwa na kutapika, jicho kuwa jekundu na kutoa usaha, vimulimuli vipya, au kivuli kuanza tena upande wowote, kwenye jicho lolote. Nimesema lolote kwa sababu lile la kushoto ndilo linalomlisha. Lipimwe nalo, retina na presha, maana steroidi akiwa ameitia pande zote mbili linaweza kudhurika pia. Mwezi huu wa salfa avae miwani ya kukinga iliyofunika pembeni na kitambaa puani, au mwingine ashike mashine kwa msimu mmoja. Kuni apasue mtu mwingine.

Niandikie tena ukishapata kipimo kipya. Nitajie namba za macho yote mawili, saa aliyopimwa, na kama Prednisolone alitia macho yote au moja tu.